Seli nyekundu zimezidi, hemoglobini imepungua: karatasi moja yawezaje kusema yote mawili?

Mdadisi wa Karatasi

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba kueleweshwa majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu nilichofanyiwa wiki iliyopita. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, si mjamzito kwa sasa ingawa mimi na mume wangu tunatarajia kupata mtoto, na sina maradhi ninayoyajua isipokuwa uchovu ambao nimeuzoea hata siuhesabu tena kuwa ugonjwa. Tangu nikiwa msichana, kila nipimwapo wingi wa damu naambiwa kwamba damu ni pungufu kidogo, naandikiwa tembe za madini ya chuma, nazimeza kwa miezi miwili au mitatu, kisha nikirudi kupimwa naikuta hemoglobini palepale nilipoiacha. Safari hii niliulizwa, kwa sauti iliyonichoma, kama kweli tembe hizo huwa nazimeza au nazirundika kabatini. Huwa nazimeza, tena saa ileile kila siku.

Kilichonisukuma kuandika ni karatasi yenyewe. Kwa mara ya kwanza nilikabidhiwa majibu yote badala ya kutajiwa tarakimu moja kwa mdomo. Mbele ya HGB pana 11.2 na herufi L, ambayo nimeambiwa ni alama ya kuwa chini ya kiwango. Mstari wa juu yake, mbele ya RBC, pana 5.6 na herufi H, yaani juu ya kiwango. Nimeitazama karatasi hii usiku kucha bila kuielewa. Ikiwa hemoglobini imo ndani ya seli nyekundu, na seli zenyewe zimezidi, imepunguaje? Tarakimu nyingine ni HCT 35 (L), MCV 62.5 (L), MCH 20 (L), MCHC 32 na RDW 14.0, na hizi mbili za mwisho hazina alama yoyote. Nimeandikiwa duru nyingine ya tembe. Kabla sijaianza, ningependa kujua karatasi hii inasema nini hasa.

Nia Njema

Pole sana, dada. Mdogo wangu alikuwa na hemoglobini ya 9.4, akameza tembe za chuma bila kukosa siku hata moja, na baada ya miezi miwili ikafika 12.8. Huenda mwili wako unahitaji dozi kubwa kuliko uliyopewa. Mimi ningejaribu kumeza mara mbili ya ile ya awali kabla ya kukata tamaa.

Fundi wa Hadubini

Dada Mdadisi, pole kwa swali lile la kabati. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kwa kuwa sisi ndio tunaoichapa karatasi hiyo, naona tuna deni la kuieleza.

Nianze na maneno yetu wenyewe. Tunaposema "wingi wa damu" tunajenga picha ya pipa ambalo maji yake yamepanda au yameshuka, na hapo ndipo mkanganyiko wako ulipozaliwa. Hakuna tarakimu hata moja kwenye karatasi yako inayopima damu yote iliyomo mwilini. Kinachopimwa ni kile kinachopatikana katika kiasi kidogo cha damu: RBC ni idadi ya seli nyekundu, kwa mamilioni, katika mikrolita moja, HGB ni gramu za hemoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni, katika desilita moja, HCT ni sehemu ya damu, kwa asilimia, inayojazwa na seli nyekundu. Ndiyo maana mtu aliyeharisha hadi akaishiwa maji huweza kuonekana ana damu nyingi, na mjamzito, ambaye majimaji ya damu yake huongezeka kuliko seli zinavyoongezeka, huonekana amepungukiwa ilhali jumla ya seli zake imepanda.

Sasa chukua karatasi yako na kalamu. MCH ni uzito wa hemoglobini ambayo seli moja imebeba kwa wastani, nao hupimwa kwa pikogramu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 27 na 33 hivi. Wako ni 20. Zidisha seli zako, 5.6, kwa mzigo wa kila seli, 20, utapata 112. Hizo ni gramu 112 za hemoglobini katika lita moja, yaani 11.2 katika desilita, tarakimu ileile uliyoandikiwa. Mtu mwenye seli milioni 4.5 tu, kila moja ikiwa imebeba pikogramu 29, hufikia gramu 130 na ushee kwa lita. Ana seli chache kuliko wewe, na bado hemoglobini yake ni nyingi kuliko yako. Karatasi yako haijipingi hata kidogo: una seli nyingi, lakini ni ndogo na zimebeba mzigo mwepesi.

Udogo wenyewe umeandikwa mbele ya MCV, ambayo ni ujazo wa wastani wa seli moja. Kawaida ni femtolita 80 hadi 100, na zako ni 62.5. Yafaa ujue jinsi mashine inavyolipata jibu hilo, kwa sababu ukijua hivyo hutaiogopa tena karatasi. Damu yako iliingizwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna kemikali ya EDTA inayozuia damu kuganda, kisha kichupa kikapinduliwa taratibu mara nane hadi kumi ili vichanganyike. Mashine huvuta tone dogo, ikalizimua kwa maji maalumu ya chumvi, na kuzipitisha seli moja baada ya nyingine kwenye tundu jembamba ambalo mkondo wa umeme unapita. Seli ikipita, huuzuia umeme kwa kitambo kifupi mno, na kadiri seli ilivyo kubwa ndivyo mzuio unavyokuwa mkubwa. Idadi ya mizuio hutoa RBC. Ukubwa wake hutoa MCV. Mbinu hiyo ni ya Wallace Coulter, aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1953, na ingawa mashine nyingine za leo hutumia mwanga wa leza, wazo ni lilelile la kuzihesabu seli zikipita moja moja. Kwa upande mwingine, sehemu ya damu hiyo hutiwa dawa ya kupasua seli, hemoglobini ikamwagika, na mwanga ukapitishwa ili kupima ukolezi wa rangi yake. Hapo ndipo HGB inapopatikana.

Kwa hiyo mashine hupima mambo matatu tu kuhusu seli nyekundu na kutazama jinsi saizi zake zinavyotawanyika. Mengine yote ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya, na unaweza kuirudia mwenyewe. Zidisha MCV yako 62.5 kwa RBC 5.6, kisha gawanya kwa 10, upate 35, ambayo ndiyo HCT yako.

Kwa nini seli zako ni ndogo? Sababu inayotangulia kufikiriwa duniani kote ni upungufu wa chuma, na kwa haki kabisa, maana ndio ulioenea zaidi. Lakini uboho uliokosa chuma ni kama mjenzi aliyeishiwa matofali: hujenga seli ndogo na pia hujenga chache, kwa hiyo RBC hushuka pamoja na HGB. Zaidi ya hayo, seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na kwa hiyo kwa muda mrefu seli ndogo zilizotengenezwa juzi huchanganyika na kubwa za kabla ya chuma kuisha, na mchanganyiko huo huipandisha RDW, ambayo ni kipimo cha jinsi seli zinavyotofautiana kwa saizi. Yako ni 14.0, imetulia. Seli zako zote ni ndogo kwa namna moja, na RBC iko juu. Sura hiyo hutufanya sisi wa maabara kufikiria hali ya kuzaliwa nayo, hasa kubeba kinasaba cha talasemia, ambapo chuma kipo ila kiwanda cha mnyororo mmojawapo wa protini ya hemoglobini kina hitilafu. Mwaka 1973 daktari aitwaye Mentzer alipendekeza hesabu ndogo ya kugawanya MCV kwa RBC: jibu likiwa chini ya 13, talasemia ndiyo inayoelekea kuwa sababu, likizidi 13, upungufu wa chuma. Lako ni 11.2, na kwa sadfa tu limelingana na hemoglobini yako.

Ningeomba vipimo viwili kabla ya tembe nyingine: feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na uchambuzi wa aina za hemoglobini.

Daktari wa Zamu

Namshukuru Fundi kwa maelezo yake, na ninakubaliana naye juu ya vipimo vinavyotakiwa. Nina tahadhari tatu, na ya kwanza inamhusu ndugu yetu Nia Njema, ambaye najua ameandika kwa moyo mwema.

Tafadhali dada usizidishe dozi. Mtu mwenye upungufu wa chuma hasa, akimeza tembe sawasawa, hemoglobini yake hupanda kwa gramu 1 hadi 2 katika muda wa wiki 3 au 4, kama ilivyotokea kwa mdogo wake Nia Njema. Isipopanda, wajibu wa tabibu ni kuuliza sababu. Inawezekana tembe hazimezwi, na hilo lazima liulizwe kwa staha. Inawezekana zinamezwa lakini utumbo hauzifyonzi. Inawezekana damu inapotea mahali fulani kwa kasi ileile inayotengenezwa. Na inawezekana tatizo halikuwa chuma tangu mwanzo. Kuongeza dozi hakujibu hata swali moja kati ya hayo. Isitoshe, dozi kubwa huchochea homoni iitwayo hepsidini, ambayo huufunga mlango wa chuma kwenye utumbo kwa takribani siku nzima, na ndiyo sababu madaktari wengi siku hizi huwaandikia wagonjwa tembe moja kwa siku, au hata siku moja baada ya nyingine. Na mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi; kikiingia bila kuhitajiwa, hulimbikizwa.

Tahadhari ya pili: hesabu ya Mentzer ni kidole kinachoonyesha njia. Nimewaona wagonjwa waliobeba talasemia na papo hapo wakapungukiwa na chuma, hasa wanawake wanaotokwa na hedhi nyingi, na kwao hesabu hiyo hutoa jibu lisiloeleweka. Kwa hiyo feritini itangulie. Shirika la Afya Duniani huhesabu feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa upungufu wa chuma kwa mtu mzima mwenye afya, na madaktari wengi huanza kushuku ikiwa chini ya 30. Ila feritini hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe wowote mwilini, na akiba iliyokauka ikaonekana ya kutosha. Usiende kupima ukiwa na mafua au jipu. Sababu nyingine ya kuitanguliza feritini ni kwamba upungufu wa chuma huishusha hemoglobini A2, aina mojawapo ya hemoglobini iliyo kidogo katika damu, ambayo ndiyo tunayoitafuta tukishuku talasemia ya beta, yaani ile ambayo hitilafu yake iko kwenye mnyororo uitwao beta, na uchambuzi ukifanywa wakati chuma kimepungua unaweza kusomeka kuwa salama ilhali sivyo.

Ya tatu ni kuhusu herufi H na L. Viwango vya kawaida huwekwa kwa namna ambayo watu 95 kati ya 100 wenye afya huangukia ndani yake, maana yake mmoja kati ya 20 huwekewa alama bila ugonjwa wowote. Karatasi yenye mistari ishirini na kitu mara nyingi huwa na alama mahali fulani. Lakini MCV ya 62.5 iko mbali sana na mpaka wa 80, na kwa maelezo yako hali hii imedumu tangu usichana. Hiyo si bahati mbaya ya takwimu. Ingefaa kutafutiwa sababu zamani, na ninasikitika kwamba haikufanyika.

Mwana wa Mzee

Naomba kuingilia kwa swali la jirani. Baba yangu ana miaka 70, hemoglobini yake ni 9.1, na miguu humwaka moto usiku. MCV yake ni 89, bila alama, nasi tukaambiwa kwamba saizi ya seli zake ni ya kawaida na kwa hiyo ni uzee tu. RDW ni 22 na ina herufi H, ila hakuna aliyeitaja. Je, tuipuuze?

Fundi wa Hadubini

Usiipuuze, ndugu yangu. MCV ni wastani, na wastani huficha. Nusu ya seli ikiwa na femtolita 68 na nusu nyingine 110, wastani wake ni 89, na hakuna seli hata moja yenye saizi hiyo. RDW ya 22 inakuambia kwamba ndani ya damu ya mzee mna seli za saizi zinazopishana sana. Kwa kawaida huwa kati ya 11.5 na 14.5 hivi.

Omba damu yake ipakwe kwenye kioo, itiwe rangi na kutazamwa na mtu. Nikiweka kioo cha namna hiyo chini ya hadubini, hutafuta kwanza limfosaiti ndogo, ambayo ni seli nyeupe, kwa sababu kiini chake kina ukubwa unaokaribiana na wa seli nyekundu ya kawaida, nami hukitumia kama rula. Huwa naona seli nyekundu zilizofifia katikati kama pete nyembamba, ndogo kuliko kiini hicho, na kando yake seli kubwa za umbo la yai, zilizojaa rangi hadi ukingoni. Za kwanza huashiria chuma kupungua. Za pili huashiria vitamini B12 au asidi ya foliki kupungua. Mtu anaweza kuwa na upungufu wa aina zote mbili kwa pamoja, hasa tumbo lake likiwa halifyonzi chakula vizuri. Mtu aliyeongezewa damu karibuni naye huonyesha seli za aina mbili, kwa hiyo mweleze daktari ikiwa mzee aliwahi kuongezewa.

Daktari wa Zamu

Naongezea jambo moja kwa mwana wa mzee, na naomba ulichukulie kwa uzito. Miguu kuwaka moto kwa mtu mwenye sura hiyo ya damu ni sababu ya kupima vitamini B12 wiki hii, bila kusubiri. Upungufu wake huharibu neva, na uharibifu ukikaa muda mrefu hauponi wote. Mtu asimpe baba vidonge vya asidi ya foliki peke yake kabla ya kipimo, kwa kuwa vinaweza kuipandisha hemoglobini na kuwafanya mridhike huku neva zikiendelea kuumia. Uzee peke yake si maelezo ya hemoglobini ya 9.1. Kwa mwanamume, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 13, na kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Na kwa mtu wa umri wake, chuma kikionekana kimepungua, lazima itafutwe sehemu ya tumbo au utumbo inayovuja damu.

Mdadisi wa Karatasi

Nashukuru kupita kiasi. Nimeirudia hesabu ya kuzidisha 5.6 kwa 20 mara tatu, na nilipoiona 112 inatokea machozi yalinilenga, kwa sababu ni mara ya kwanza katika miaka mingi tarakimu hizi kuwa na maana kwangu. Nimekwenda kutolewa damu kwa vipimo vyote viwili. Wakati nasubiri, nina swali kwa Fundi: nitajuaje kwamba mashine haikukosea?

Fundi wa Hadubini

Swali lako ni la haki, maana mashine hukosea, na kazi yetu kubwa ni kuibaini siku inapokosea. Kuna kanuni ya zamani ya kuzidisha hemoglobini kwa 3. Jibu linapaswa kukaribiana na HCT. Yako ni 33.6, na HCT ni 35, hapana shaka hapo, ingawa kanuni hiyo huaminika zaidi kwa seli za saizi ya kawaida. Mlinzi mwenyewe ni MCHC, yaani msongamano wa hemoglobini ndani ya seli, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 32 na 36. Seli haina nafasi ya kubeba zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo MCHC ikiruka juu sana, mimi hushuku sampuli kabla ya kumshuku mgonjwa.

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi ambapo mashine ilitoa RBC 1.6, HGB 11.8, MCV 118 na MCHC inayozidi 60. Mtu wa namna hiyo hayupo. Nilikiinua kichupa kwenye mwanga, nikakiinamisha, na ukutani mwa kioo nikaona chembe ndogondogo zinashuka kama mchanga uliolowa. Mgonjwa alikuwa na kingamwili ambazo hushikanisha seli nyekundu zikipoa, na mashine ilikuwa inahesabu seli zilizoshikana kuwa seli moja kubwa. Nilikiweka kichupa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa nusu saa, nikakirudisha upesi kabla hakijapoa: RBC ikawa 3.9, MCV 90, MCHC 33 na ushee. Hemoglobini haikubadilika, kwa sababu hiyo hupimwa baada ya seli kupasuliwa, na seli zilizoshikana hupasuka vilevile. Majibu ya kwanza yangetoka, mtu yule angeweza kutafutiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Makosa mengine huanzia kwenye mkono. Mpira wa kufungia mkono ukiachwa muda mrefu, majimaji huchuja kutoka mishipani na seli zikaonekana nyingi. Damu ikitolewa kwenye mkono uleule unaopitisha dripu, huzimuliwa, na hemoglobini ikaonekana imeporomoka. Kichupa kikilala kwa siku moja na zaidi mahali pa joto, seli huvimba na MCV hupanda. Kwa upande wako, makosa yote hayo hayawezi kuipunguza MCV hadi 62.5, tena kwa miaka yote hiyo.

Mdadisi wa Karatasi

Ndugu zangu, majibu yametoka leo. Feritini ni 64, nami sikuwa na homa wala maumivu yoyote siku ya kupima. Uchambuzi umeonyesha hemoglobini A2 ni asilimia 5.4, na nimeandikiwa kwamba nimebeba talasemia ya beta. Nimeambiwa niache tembe. Mume wangu naye amepimwa picha kamili ya damu kwa hiari yake: MCV ni 88 na MCH 29.5, na anasema kwamba kwa seli hizo yeye hajabeba chochote. Je, tunaweza kutulia? Na uchovu wangu je, ndio huu?

Daktari wa Zamu

Dada, majibu yako yako wazi. Chuma unacho, na A2 iliyozidi 3.5 pamoja na seli ndogo namna hiyo ni alama ya kubeba talasemia ya beta. Huu si ugonjwa unaokua mwaka hadi mwaka. Ndivyo uboho wako ulivyotengeneza seli tangu utotoni na ndivyo utakavyoendelea. Itunze karatasi ya A2 mahali pasipopotea na umwonyeshe kila tabibu atakayetaka kukuandikia chuma, kwa kuwa kila mara MCV yako itawashawishi. Ukipata mimba hemoglobini itashuka zaidi ya ilivyozoeleka kwa wengine, kwa hiyo waeleze mapema ili wakufuatilie. Siku feritini itakaposhuka kweli, hapo utahitaji tembe kama mtu mwingine yeyote. Waambie na ndugu zako wa tumbo moja wapimwe, kwa sababu kila mmoja wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu, au zaidi, wa kubeba kinasaba hicho.

Kuhusu uchovu, nisingependa ukabidhiwe jibu jepesi kwa mara nyingine. Watu wengi wenye hali yako na hemoglobini ya 11.2 hawahisi lolote. Uchovu wako utafutiwe sababu yake: usingizi, tezi ya shingo, sukari, msongo. Kabla ya kupima sukari kwa njia ya hemoglobini A1c, mweleze daktari kuhusu talasemia, kwa kuwa kipimo hicho hutegemea seli nyekundu kuishi umri wake wa kawaida, na mahali ambapo seli zimebadilika huweza kupotosha.

Sasa mumeo. MCV ya 88 na MCH ya 29.5 zinapunguza sana uwezekano kwamba amebeba talasemia ya beta, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa mtoto kuwa na talasemia kali inayohitaji kuongezewa damu maisha yake yote. Lakini msitulie bado. Mtu aliyebeba kinasaba cha seli mundu huwa na MCV ya kawaida, hemoglobini ya kawaida, na picha ya damu isiyo na alama hata moja. Mtoto akirithi seli mundu kwa baba na talasemia ya beta kwa mama, anapata ugonjwa wa seli mundu kamili. Picha kamili ya damu haiwezi kuliona hilo kwa baba. Uchambuzi wa aina za hemoglobini, uleule uliofanyiwa wewe, ndio unaoliona. Mumeo afanyiwe huo kabla hamjaanza safari ya kutafuta mtoto.

Mdadisi wa Karatasi

Nimemsomea maneno haya akiwa amekaa hapa kando yangu. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni kichupa cha rangi gani. Nimemwambia ni kilekile chenye kifuniko cha zambarau. Anakwenda Jumatatu asubuhi.